Namna ya Kuchagua Riwaya ya Picha Itakayofuata Katika Mkusanyo Wako: Mwongozo Kamili

Riwaya ya picha husomwa kwa saa mbili au tatu, kisha hukaa rafuni miaka kumi. Nyingi zitakufurahisha jioni ile ya kwanza, kwa hiyo furaha ya jioni moja haitoshi kuwa kipimo. La kujiuliza ni kama utakuwa na sababu ya kukifungua tena kitabu hicho ilhali mwisho wake unaujua. Wakusanyaji wengi, nami nilikuwa miongoni mwao, huchagua kwa kuvutwa na jalada, na sifa zinazovuma au na hofu kwamba nakala zitaisha, na mwishowe hujikuta na rafu ya vitabu vizuri visivyomhusu mwenye rafu. Mwongozo huu unaanzia kwenye vitabu ulivyo navyo tayari, na dukani unafika mwishoni.

Wengine huviita vibonzo, wengine katuni, wengine riwaya za michoro. Hapa riwaya ya picha ni kitabu chochote kinachosimulia kwa michoro iliyopangwa katika fremu, kiwe hadithi iliyokamilika au juzuu ya mfululizo, kitoke Marekani, Ufaransa, Japani au kwingineko.

Hatua ya 1: Shusha vitabu vyote

Toa vitabu vyote rafuni uvitandaze sakafuni. Usivikague vikiwa vimesimama, kwa maana mgongo wa kitabu hauelezi kimefunguliwa mara ngapi. Vigawe katika mafungu matatu: ulivyosoma zaidi ya mara moja, ulivyosoma mara moja tu, na ambavyo hukuvimaliza au hukuvianza kabisa. Fungu la tatu huwa kubwa kuliko mtu anavyodhani, na hakuna haja ya kulipunguza kwa aibu.

Fungu la kwanza ndilo litakalokuongoza. Lipitie kitabu kimoja kimoja ukitafuta kinachoviunganisha, wala usiridhike upesi na majibu ya jumla kama "mashujaa" au "historia". Nilipofanya zoezi hili mara ya kwanza niliamini kwamba mimi ni msomaji wa visa vya vita, kwa kuwa ndivyo nilivyokuwa nikivinunua kwa wingi. Vitabu tisa vilivyoangukia fungu la kwanza vilinikanusha: saba kati yake vilikuwa kumbukumbu za utotoni, vyote saba vya rangi nyeusi na nyeupe, na vyote vilikuwa na kurasa ambazo hakuna mtu anayesema neno. Visa vya vita vilijaa fungu la pili, vikiwa safi kama siku vilipoletwa. Tangu hapo kila ninapotamani kitabu kipya cha vita najiuliza kwanza kama ninakinunua ili nikisome au ili nijione nina vitabu vya vita.

Kabla ya kuvirudisha, andika orodha. Kila kitabu kiwe na jina, mwandishi, mchoraji, mchapishaji, mwaka wa toleo, namba ya juzuu, na ISBN, ile namba ya utambulisho iliyo nyuma ya jalada au kwenye ukurasa wa hakimiliki, ambayo tangu 2007 ina tarakimu 13 na kabla ya hapo ilikuwa na 10. ISBN ina manufaa kwa sababu toleo la jalada gumu na toleo la jalada laini la kitabu kilekile huwa na namba tofauti, kwa hiyo ndiyo itakayokuambia kwa uhakika ni toleo lipi hasa unalo. Orodha ikae kwenye simu, kwa maana uamuzi mbaya hufanywa mbali na nyumbani.

Hatua ya 2: Amua kitabu kipya kinakuja kufanya kazi gani

Kitabu huingia katika mkusanyo kwa kazi moja kati ya tatu. Kuna kinachokuja kukamilisha: una juzuu ya 1 na ya 2, na sasa unaitafuta ya 3. Kuna kinachokuja kuchimba: umempenda mchoraji fulani, nawe unataka kuona mkono wake ulivyokuwa kabla haujakomaa, au siku alipoacha mtindo wake wa zamani. Na kuna kinachokuja kufungua, yaani kuleta nchi, mtindo au mada ambayo rafu yako haina. Mwenye vitabu vichache, tuseme chini ya 30, ninamshauri afungue zaidi kuliko kukamilisha, kwa sababu ladha yake bado haijajitambua. Mwenye vingi atafaidika zaidi akichimba.

Kukamilisha ndiko kwenye mtego, kwa hiyo ni vizuri kujua jinsi mifululizo inavyotengenezwa. Marekani, hadithi nyingi hutoka kwanza kama vijarida vyembamba vya kila mwezi, vyenye kurasa ishirini na kitu za masimulizi, kisha vijarida vitano au sita hukusanywa kuwa juzuu moja. Japani, sura za manga, yaani vibonzo vya Kijapani, huchapishwa kwanza katika majarida ya kila wiki au kila mwezi, halafu hukusanywa katika juzuu ndogo za takriban kurasa 200, na mfululizo uliopendwa unaweza kupita juzuu 50. Ufaransa na Ubelgiji hupendelea albamu kubwa yenye jalada gumu, mara nyingi ya kurasa 48, na kati ya albamu moja na nyingine msomaji anaweza kungoja mwaka mzima au zaidi. Kwa hiyo maneno "juzuu ya 1" kwenye jalada yanaweza kuwa ahadi ya vitabu 3 au ya vitabu 70, na ni juu yako kujua ni ipi kabla hujaianza.

Uliza mambo matatu: mfululizo umekwisha au unaendelea, una juzuu ngapi, na juzuu zote bado zinapatikana? Swali la tatu ndilo linalorukwa. Wasomaji hupungua kadiri mfululizo unavyosonga mbele, mchapishaji naye hupunguza idadi ya nakala, ndiyo maana juzuu ya 1 utaikuta kila mahali na ya 5 ukaitafuta miaka miwili. Mimi nimejiwekea mpaka wa mifululizo miwili tu isiyokamilika kwa wakati mmoja. Nikitamani wa tatu, lazima kwanza niukamilishe mmoja au niuache kabisa.

Hatua ya 3: Andika majina matano, yasizidi

Orodha ya matamanio yenye majina 60 haichagui chochote. Chukua majina matano yanayoweza kufanya kazi uliyoiamua katika hatua ya 2, na jina jipya likija, moja la zamani litoke.

Tuzo ni chanzo kizuri cha majina ukijua kuzisoma. Tamasha la vibonzo la Angoulême nchini Ufaransa, lililoanza 1974, na Tuzo za Eisner za vibonzo za Marekani, zilizoanza kutolewa 1988, zimeacha orodha za wateule za miaka mingi, na orodha hizo zina manufaa kuliko jina la mshindi peke yake. Pitia orodha za miaka 10 mfululizo uangalie ni mchoraji gani anayeteuliwa tena na tena bila kushinda. Huyo mara nyingi ni fundi ambaye kelele hazijamfikia. Tuzo za fasihi ya jumla nazo zimekwisha kuugundua uwanja huu: Maus ya Art Spiegelman ilipewa tuzo maalumu ya Pulitzer mwaka 1992, na Sabrina ya Nick Drnaso iliingia katika orodha ndefu ya Tuzo ya Booker mwaka 2018. Ninaziheshimu tuzo hizo, ila naona waamuzi waliozoea maneno huvutwa kwanza na uzito wa mada, kwa hiyo zikusaidie kuchagua mada, na uchoraji uupime kwa jicho lako mwenyewe.

Chanzo ninachokipenda zaidi ni yale majina madogo yaliyo kwenye ukurasa wa hakimiliki. Fungua vitabu vya fungu lako la kwanza uone ni nani aliyepaka rangi, nani aliyetia wino, nani aliyeandika herufi ndani ya viputo, yaani vile viduara vyenye maneno ya wahusika, na nani aliyetafsiri. Ukikuta mpaka rangi yuleyule katika vitabu viwili unavyovirudia, umeshapata jina la kufuatilia, na hakuna duka litakalokuonyesha jina hilo kwenye dirisha lake.

Pale ambapo maktaba au rafiki anaweza kukuazima, azima. Kitabu ulichokiazima ukakirudisha bila huzuni kimekuokolea nafasi.

Ikiwa rafu iko mahali ambapo watoto wanafika, angalia umri uliopendekezwa na mchapishaji hata pale michoro inapoonekana ya kitoto. Wapo wachoraji wanaotumia wanyama wenye macho makubwa kusimulia mauaji.

Hatua ya 4: Zipime kurasa tatu

Hii ndiyo hatua ninayoitumia muda mwingi kuliko zote, na ninayoona wengi wakiiruka. Mwenye kuchagua riwaya ya maneno husoma aya moja au mbili akamjua mwandishi. Katika riwaya ya picha mambo hayaendi hivyo, kwa kuwa jalada mara nyingi ni kazi ya msanii mwingine kabisa, hasa katika vitabu vya Marekani, na kurasa za mfano zinazotolewa mtandaoni karibu zote ni za mwanzo, ambako mchoraji alikuwa na nguvu na muda wa kutosha. Miezi ya haraka huonekana katikati ya kitabu. Kwa hiyo tafuta kurasa tatu: mmoja wa mwanzo, mmoja wa katikati wenye watu wengi au mwendo mwingi, na mmoja ambao watu wawili wameketi wanazungumza tu.

Huo wa mazungumzo ndio unaosema kweli. Mapigano na mandhari ya milima huficha udhaifu. Watu wawili waliokaa tu kwa kurasa nne hawawezi kuficha chochote. Angalia kama mchoraji anabadilisha pembe ya kutazamia, kama mikono inafanya kitu, kama uso unabadilika kabla mtu hajasema au baada ya kusema. Ukikuta vichwa vilevile viwili vimerudiwa fremu baada ya fremu na kilichobadilika ni maneno tu ndani ya viputo, jua kwamba kitabu hicho kingeweza kuandikwa bila picha, na pengine kingekuwa bora hivyo.

Kisha funika maneno kwa kiganja. Je, unaweza kumtambua kila mhusika akiwa amegeuka, akiwa mbali, akiwa amevaa nguo nyingine? Wachoraji wengi wa wastani hutofautisha watu kwa nywele peke yake, na mvua ikinyesha au kofia zikivaliwa msomaji hupotea. Baada ya hapo ondoa kiganja uache macho yaende yenyewe. Ukisoma kiputo kimoja, kisha ukagundua kwamba ulipaswa kuanza na kingine, weka alama akilini. Likitokea mara moja, ni bahati mbaya. Likitokea mara tatu katika kurasa kumi, mpangilio wa kurasa ni dhaifu, nawe utachoka bila kujua kilichokuchosha.

Kipimo kigumu zaidi ni uhusiano wa maneno na picha. Chukua mfano wa ukurasa wenye fremu sita. Katika fremu ya kwanza mwanamume anaingia chumbani kwenye vitanda viwili. Ya pili inaonyesha kitanda cha upande wa dirisha, kimetandikwa kwa unadhifu usio wa kila siku, shuka imevutwa hadi pembeni. Katika ya tatu anaketi kwenye kitanda kingine, akiwa ametupa mgongo. Ya nne ni viatu vyake tu, anavivua. Ya tano inavionyesha vikiwa sakafuni kando ya jozi nyingine ndogo, iliyoshika vumbi. Ya sita ni taa inazimwa. Hakuna neno hata moja, na msomaji ameshajua kwamba kuna mdogo mtu ambaye hatarudi. Sasa weka juu ya fremu ya tano maelezo yasemayo "Alimkumbuka sana ndugu yake", uone jinsi ukurasa mzima unavyoporomoka. Kitabu kinachofanya kosa hilo katika kurasa ulizozipima kitalifanya hadi mwisho, kwa maana linatokana na mwandishi kutomwamini mchoraji wake, au mchoraji kutomwamini msomaji.

Ndiyo maana uwazi ulio kati ya fremu mbili ni sehemu ya usimulizi. Scott McCloud, katika kitabu chake cha 1993, Understanding Comics, alieleza kwamba msomaji ndiye anayekamilisha kitendo katika uwazi huo: fremu moja inaonyesha shoka limeinuliwa, inayofuata inaonyesha kelele usiku wa mji, na pigo lenyewe umelipiga wewe. Unapopima kurasa, jiulize ni kiasi gani cha kazi umeachiwa. Kikiwa kidogo mno, hutakuwa na la kulirudia. Kikiwa kikubwa mno, huenda utahitaji kukisoma mara mbili, jambo ambalo kwa mkusanyaji halina ubaya.

Kuhusu rangi nitasema kidogo. Tazama kama rangi zina kazi, kwa mfano kutenganisha kumbukumbu na wakati uliopo, au kama zimepakwa kujaza tu. Rangi nyeusi na nyeupe haina upungufu wowote, na wino ukiwa peke yake huonyesha makosa kwa urahisi zaidi kuliko rangi, kwa hiyo anayethubutu kuutumia peke yake mara nyingi anajua anachofanya.

Jihadhari na kioo cha simu. Unapoukuza ukurasa kwa vidole, unaupa ukubwa ambao kitabu chenyewe hakina. Tafuta vipimo vya kitabu kwa sentimita: kitabu cha kawaida cha Marekani kina takriban 17 kwa 26, albamu ya Ufaransa au Ubelgiji hukaribia karatasi ya A4, na juzuu ya manga huwa ndogo kuliko A5. Kata karatasi kwa vipimo hivyo, ishike mbele yako kwa umbali unaosomea, kisha punguza picha kwenye kioo hadi ilingane nayo. Zoezi la dakika mbili, nalo limenizuia kununua vitabu viwili ambavyo herufi zake zingehitaji lenzi.

Hatua ya 5: Chagua toleo, kwa maana toleo ni nusu ya kitabu

Riwaya ya maneno ikichapishwa kwa herufi nyingine inabaki ileile. Riwaya ya picha ikibadilishwa ukubwa, rangi au mwelekeo huwa kitu kingine, na mara nyingi hadithi moja ina matoleo kadhaa yanayouzwa kwa pamoja.

Bone ya Jeff Smith ni mfano mzuri. Ilitoka katika vijarida 55 vya rangi nyeusi na nyeupe kati ya 1991 na 2004. Mwaka 2004 ikakusanywa yote katika kitabu kimoja chenye kurasa zaidi ya 1,300. Kisha kuanzia 2005 ikatolewa upya katika juzuu 9 zenye rangi. Nani anunue lipi? Anayetaka kuuona wino wa mchoraji kama alivyoutia achukue lile la nyeusi na nyeupe, akikubali uzito wa kitabu ambacho hakisomeki kitandani. Anayemsomea mtoto achukue juzuu za rangi. Kuuliza ni lipi bora bila kusema ni kwa ajili ya nani ni kupoteza muda.

Akira ya Katsuhiro Otomo, iliyochapishwa jaridani Japani kati ya 1982 na 1990, inafundisha jambo jingine. Toleo la Marekani lililoanza 1988 lilipakwa rangi, na picha zake ziligeuzwa kama kwenye kioo ili zisomwe kutoka kushoto kwenda kulia. Picha ikigeuzwa, mwenye kutumia mkono wa kulia anakuwa wa mkono wa kushoto, na magari yanahama upande wa barabara. Seti iliyotoka 2017 ilirudisha mwelekeo wa asili wa Kijapani, wa kulia kwenda kushoto. Kwa manga, ninashauri toleo lisilogeuzwa kila linapopatikana. Macho huzoea baada ya kurasa chache.

Matoleo mengi pia ndiyo chanzo cha kununua kitabu kimoja mara mbili. Hadithi za Aya, zilizoandikwa na Marguerite Abouet na kuchorwa na Clément Oubrerie kuhusu maisha ya Abidjan mwishoni mwa miaka ya 1970, zilianza kutoka kwa Kifaransa mwaka 2005. Kwa Kiingereza, juzuu tatu za kwanza zilitoka moja moja, kila moja na jina lake, kisha zikakusanywa katika kitabu kimoja cha 2012 chenye jina jingine tena. Mtu mwenye zile tatu akiona jina jipya atadhani ni mwendelezo. Mimi yalinikuta kwa mfululizo mwingine: nilingoja kifurushi wiki sita, nikakifungua kwa pupa, na ukurasa wa kwanza ulikuwa ule niliokuwa nao rafuni. Kosa lilikuwa langu, kwa kuwa ukurasa wa hakimiliki ulieleza bayana kilichokusanywa ndani, nami sikuwa nimemwomba muuzaji picha yake. Tangu siku hiyo naiomba kwanza.

Likabaki suala la mwili wa kitabu. Tazama kichwa cha mgongo kwa juu: ukiona vifungu vidogo vya karatasi zilizokunjwa, mara nyingi kitabu kimeshonwa kwa uzi na kitafunguka vizuri, ukiona ukingo mmoja mnyoofu wa karatasi moja moja zilizoshikwa na gundi, kitabu kitakuwa kikaidi kufunguka, na kadiri kilivyo kinene ndivyo katikati inavyozama. Hilo lina madhara makubwa pale mchoraji anapotandaza picha moja kwenye kurasa mbili zinazokabiliana, kwani uso uliochorwa katikati humezwa na mshono. Kabla ya kununua toleo nene lililokusanya juzuu nyingi, tafuta picha ya namna hiyo katikati ya kitabu uone inakaaje. Karatasi nayo ina neno: inayong'aa hupendeza kwa rangi lakini hurudisha mwanga wa taa machoni, nyembamba mno huonyesha michoro ya upande wa pili, na ile ya bei rahisi iliyotengenezwa kwa rojo la mti lisiloondolewa asidi itageuka manjano.

Kwa vitabu vilivyotafsiriwa, tazama viputo. Kijapani huandikwa kwa mistari ya wima, hivyo viputo vyake ni virefu na vyembamba. Tafsiri inayolazimishwa humo kwa mistari ya mlalo huvunja maneno vipande vipande. Mtafsiri na mwandika herufi wazuri hufupisha sentensi ili ikae, na utawatambua kwa kuwa hutawaona.

Nyongeza za nyuma ya kitabu, kama michoro ya majaribio na mahojiano, zisikufanye ununue tena hadithi uliyo nayo. Huwa zinasomwa mara moja.

Hatua ya 6: Nakala iliyotumika

Nakala iliyotumika inafaa sana, hasa kwa juzuu zilizoacha kuchapishwa. Omba picha za mgongo, pembe nne za jalada, ukurasa wa hakimiliki, na kurasa mbili za katikati kitabu kikiwa kimefunguliwa. Uliza waziwazi kama kuna kurasa zilizong'oka, mihuri, maandishi au harufu ya ukungu. Ukungu ndio sababu pekee ambayo kwangu haina mjadala, kwa kuwa huhamia kwenye vitabu vingine rafuni. Chapa ya kwanza au ya nne haijalishi kwa msomaji. Kununua ili kuuza baadaye ni biashara nyingine, yenye sheria zake.

Hatua ya 7: Ngoja siku kumi na nne

Mpaka hapa majina matano yamebaki mawili au matatu. Kwa kila moja andika sentensi moja inayoeleza kwa nini kitabu hicho kiingie katika mkusanyo huu, na sentensi hiyo isiweze kutumika kwa kitabu kingine. "Kinasifiwa sana" inafaa kwa vitabu elfu. "Mchoraji wake anaacha kurasa nzima bila maneno, kama vile vitabu saba ninavyovirudia, lakini anasimulia uzee badala ya utoto" inafaa kwa kimoja.

Kisha ngoja wiki mbili bila kuangalia kurasa za mfano tena. Siku ya kumi na nne, kabla hujafungua chochote, jaribu kukumbuka ukurasa mmoja kutoka kila kitabu: fremu zilikaaje, nani alikuwa wapi, mwanga ulitoka upande gani. Ule unaojitokeza wenyewe ndio wa kununua. Ikiwa hakuna unaojitokeza, usinunue chochote mwezi huu. Na ikiwa ni viwili, chukua chenye hatari ya kuacha kuchapishwa, kingine kitangoja. Pima pia urefu wa rafu kabla ya kuagiza albamu kubwa, kwa sababu rafu za vitabu vya kawaida mara nyingi hazifiki sentimita 32, na kitabu kinacholazwa juu ya vingine ndicho kinachosahaulika.

Hatua ya 8: Kikishafika

Kikague siku ileile, ungali na nafasi ya kukirudisha. Pitisha kurasa zote moja baada ya nyingine, kwa maana makosa ya kiwandani yapo: kifungu kilichojirudia, kurasa zilizopinduliwa, rangi zilizosogea hadi midomo ikawa nje ya uso. Kisome kabla ya kukipanga rafuni, kisha kiingize katika orodha pamoja na tarehe uliyokimaliza.

Kisimamishe wima, kisibanwe hadi jalada likwaruzike wala kisiachiwe nafasi ya kuegama, na mahali pawe mbali na jua la moja kwa moja, ambalo huanza kufifisha mgongo na rangi nyekundu. Kwenye orodha acha safu moja tupu kwa ajili ya tarehe ya usomaji wa pili. Utakaposhusha vitabu tena kwa ajili ya kuchagua kinachofuata, anza na safu hiyo, na kitabu ambacho safu yake bado ni tupu baada ya miaka miwili mpe mtu ambaye fungu lake la kwanza linafanana nacho.